Je, Wajua? Okestra, Mpingo na Bastola

Je, wajua kwamba mwaka 1917, mjini Paris, okestra ilipiga muziki pamoja na taipureta, king'ora na bastola? Baleti hiyo iliitwa Parade, mtunzi wake Erik Satie. Mhakiki mmoja alipoiponda, Satie alimwandikia kadi ya matusi, akashtakiwa, akahukumiwa kifungo cha siku 8! Jela hakuingia. Bastola nayo haikutoka kwenye muziki.

Sogea tukae, ndugu msomaji. Leo ni zamu ya okestra, lile kundi la fidla, tarumbeta na ngoma ambalo likitokea kwenye runinga unabadilisha stesheni. Leo usibadilishe. Tunazungumzia hasa miaka 30 ya mwanzo ya karne iliyopita, na nakuhakikishia vituko vyake havina idadi.

Tarehe 29 Mei 1913, Paris hiyohiyo. Igor Stravinsky, kijana wa miaka 30, alileta baleti yake The Rite of Spring. Basuni ilianza peke yake, ikilia juu kabisa, mahali ambapo ala hiyo haijazoea kwenda. Muda si muda ukumbi ukawa vurugu tupu: mzaha, mizomeo, watu kutoleana maneno. Wachezaji hawakuusikia muziki tena, kwa hiyo Vaslav Nijinsky, aliyewatungia hatua, alisimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwahesabia kwa sauti. Pierre Monteux, mwongoza okestra, hakugeuka nyuma. Alipiga hadi mwisho.

Unadhani ni Paris tu? Miezi miwili kabla, tarehe 31 Machi 1913, tamasha lililoongozwa na Arnold Schoenberg mjini Vienna lilivunjika katikati kwa sababu ya kupigana. Kesi ilifika mahakamani. Mtunzi Oscar Straus alipotoa ushahidi, alisema sauti ya kofi lililozabwa mtu ukumbini ndiyo iliyopatana zaidi na masikio yake jioni ile nzima.

Na kwaya kubwa unazijua? Hebu sikia hii. Tarehe 12 Septemba 1910, mjini Munich, Gustav Mahler alisimama mbele ya waimbaji 858 na wapigaji ala 171. Mjumlishe na yeye: watu 1,030 kwa simfoni moja, ile ya 8! Mwandalizi aliitangaza kuwa Simfoni ya Watu Elfu. Mahler hakulipenda jina hilo hata kidogo, lakini hesabu ilikuwa upande wa mwandalizi.

Huyohuyo Mahler, katika simfoni yake ya 6 ya mwaka 1906, aliandika nyundo. Nyundo kweli, kubwa, ya kuponda sanduku la mbao mbele za watu. Kwanza yalikuwa mapigo 3, kisha akaliondoa moja. Waongoza okestra wanabishana hadi leo kama walirudishe.

Umewahi kupanda Longonot? Mita 2,776, jasho na vumbi. Richard Strauss aliwapandisha watu mlima wakiwa wamekaa vitini. An Alpine Symphony, iliyosikika mara ya kwanza Berlin tarehe 28 Oktoba 1915, huanza gizani, hufika kileleni, hukumbwa na dhoruba, hushuka usiku ukiingia, yote kwa dakika 50 hivi. Inataka wapigaji zaidi ya 120, mashine ya upepo na mashine ya radi. Sisi wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, upepo wa ziwani tunaupata bure kila alasiri.

Strauss, kwa taarifa yako, hakuwa mtu wa kuona haya. Aliandika simfoni nzima kuhusu nyumba yake: baba, mama, mtoto anaogeshwa, wazazi wanagombana, wanapatana. Ilizinduliwa New York mwaka 1904, na mwaka uleule ikapigwa ndani ya duka kubwa la Wanamaker, bidhaa zikiwa zimesogezwa kando. Fikiria watu wanasikiliza ugomvi wako na mkeo, tena karibu na kaunta!

Na wewe unayepanga waridi kwa urefu wa shina kutwa nzima, hii ni yako. Tarehe 26 Januari 1911, mjini Dresden, opera mpya ya Strauss, Der Rosenkavalier, ilizungushwa juu ya ua moja tu, waridi la fedha. Kijana anatumwa ampelekee binti waridi hilo kwa niaba ya mchumba mwenye umri na majivuno. Kisia mwenyewe binti alimpenda nani. Watu waliitaka hiyo opera hadi zikawekwa treni maalumu kutoka Berlin.

Sasa shika sana hapa, maana hapa ndipo penye utamu. Je, wajua kwamba klarineti bora za dunia zina asili yake huku kwetu? Viwanda viko Ulaya, sawa. Lakini mti ni mpingo, na mpingo wa ala za muziki hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Mbao yake ni nzito mno. Itupe majini, inazama.

Mpingo hauna haraka. Huchukua miaka 70 au zaidi kufikia umri wa kuvunwa. Piga hesabu basi: klarineti iliyosikika kwenye vurugu za mwaka 1913 huenda ilichongwa kwa mti uliochipua kabla mmisionari Krapf hajatia mguu Mombasa mwaka 1844!

Obo? Mpingo. Pikolo nyingi? Mpingo. Hata bagpipe za Waskoti wale wenye sketi, mabomba yake ni mpingo. Ndio mti uleule ambao Wamakonde huchongea vinyago, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha kuuvuna bila kuumaliza msitu. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanakijiji. Kwa hiyo siku ukisikia mtu akisema okestra ni mambo ya Wazungu, mwambie akaichungulie kwanza klarineti.

Piano nayo ina habari yake, ila hii si ya kuchekea. Marekani pekee ilitengeneza piano zaidi ya 360,000 mwaka 1909, na ule weupe wa vibonyezo ulikuwa pembe za ndovu. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilipitia Zanzibar, ikaishia kwenye miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako vipande viliwekwa kwenye nyumba za vioo ili jua living'arishe. Kabla ya hapo zilibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, na baadhi ya waliozibeba hawakuwa na hiari. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989. Aprili 2016 Kenya iliteketeza tani 105 kwa mpigo.

Tupumue. Unamjua Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa? Nyumba yake, Elsamere, ni mwendo mfupi wa boda kutoka hapa Kamere, barabara ileile ya Moi South Lake. Je, wajua kwamba kabla ya simba kulikuwa na piano? Alizaliwa mwaka 1910, akasomea muziki Vienna, mji uleule wa kofi la Schoenberg, akapata cheti chake kabla hata ya kuiota Kenya.

Na kama hiyo haitoshi: filamu ya Born Free ya mwaka 1966, iliyopigwa papa hapa Kenya, ilizoa tuzo 2 za Oscar. Zote mbili ni za muziki! Mtunzi wake ni John Barry. Simba hakupata kitu.

Haya, mwaka 1905. Paris wanasikia kwa mara ya kwanza La mer, muziki wa bahari wa Claude Debussy. Zanzibar mwaka uleule kunaundwa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab chenye ganuni, udi na fidla, ambacho jina lake lipo hadi leo. Jambo la kuchekesha ni kwamba Debussy alianza kuandika bahari yake akiwa Burgundy, bara kabisa, mbali na maji ya chumvi. Wazanzibari wao bahari walikuwa nayo mlangoni.

Mwaka 1928 ndio kiboko. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad anavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Nairobi inaanza kurusha matangazo ya redio. Na Novemba, Paris, inasikika Boléro ya Maurice Ravel. Yote mwaka mmoja!

Hiyo Boléro nayo ni maajabu. Mpiga ngoma mdogo hurudia mdundo mmoja mara 169, kwa robo saa hivi, akianza kwa mnong'ono na kumaliza kwa kishindo. Habadilishi chochote. Ravel mwenyewe alishangaa kuona dunia inaipenda kuliko kazi zake zote alizozitolea jasho.

Ravel huyohuyo alimtungia mtu mwenye mkono mmoja konsato, yaani kazi ya mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra. Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, alipoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1914. Hakuacha piano, aliagiza muziki wa mkono wa kushoto pekee kutoka kwa watunzi wakubwa, na ile ya Ravel ikasikika Vienna Januari 1932. Fumba macho usikilize, utaapa ni mikono miwili.

Mikono mingine ya kutajwa ni ya Sergei Rachmaninoff, iliyokuwa mikubwa ajabu. Mwaka 1909 alipanda meli kwenda New York na konsato mpya, ya 3, ambayo hakuwa amepata nafasi ya kuifanyia mazoezi. Alifanyaje? Alibeba kinanda bubu kisichotoa sauti, akajifunza juu ya bahari kimyakimya.

George Gershwin yeye alipata habari za kazi yake gazetini. Januari 1924, nduguye Ira alimsomea kwamba anaandika konsato ya jazz. Alikuwa hajaanza! Wiki tano baadaye, tarehe 12 Februari, Rhapsody in Blue ilisikika New York. Ule mlio wa klarineti unaoteleza kutoka chini hadi juu, Ross Gorman aliufanya kwa mzaha mazoezini. Gershwin akamwambia auache hivyohivyo.

Ndege je? Mwaka huohuo wa 1924, mjini Roma, Ottorino Respighi aliandika Pines of Rome, na katikati ya okestra akaagiza gramafoni ipige sauti iliyorekodiwa ya ndege halisi. Nami nasubiri mtunzi atakayemrekodi furukombe wa Ziwa Naivasha. Sauti yake haihitaji hata kipaza sauti.

Treni? Ipo pia. Pacific 231 ya Arthur Honegger, Paris 1924, ni garimoshi zima la mvuke kwa fidla na matarumbeta: linaondoka taratibu, linashika kasi, linafunga breki. Bonde letu lilisikia lile la kweli mapema zaidi, kwani reli ya Uganda ilipita Naivasha na Nakuru mwaka 1900 na kugusa ziwa kule Kisumu Desemba 1901.

Akina mama wako wapi, unauliza? Shika hawa watatu haraka. Ethel Smyth alitiwa ndani ya jela ya Holloway, London, mwaka 1912, akipigania kura za wanawake; rafiki yake aliyemtembelea alimkuta dirishani akiwaongoza wafungwa wanaoimba uani, kwa mswaki! Opera yake ilikuwa imepigwa Metropolitan, New York, mwaka 1903, na ukumbi huo haukuonyesha opera nyingine ya mwanamke hadi 2016. Miaka 113.

Lili Boulanger alikuwa na miaka 19 alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo kuu ya utunzi ya Prix de Rome, mwaka 1913. Alifariki akiwa na miaka 24. Naye Florence Price, Mmarekani mweusi, simfoni yake ilipigwa na okestra kuu ya Chicago mwaka 1933. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kupata hilo kabla yake.

Sasa nikuulize: ni kwaya ngapi za hapa nchini zimewahi kutaja jina la Samuel Coleridge-Taylor? Baba yake alitoka Sierra Leone, yeye akazaliwa London. Kazi yake Hiawatha's Wedding Feast ya mwaka 1898 iliimbwa Uingereza na Marekani yote, na mwaka 1904 alikaribishwa ikulu na Rais Roosevelt. Ajabu chungu: haki za kazi hiyo aliziuza kwa pauni 15 na shilingi 15 tu! Aliaga mwaka 1912 akiwa na miaka 37, na wachapishaji wakaendelea kuvuna. Msanii unayesoma hapa, soma mkataba kabla ya kutia sahihi.

Na Gustav Holst je? Mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana, London, aliandika The Planets kati ya 1914 na 1917: sayari 7, Dunia haimo. Pluto ikagunduliwa mwaka 1930, watu wakaona kazi ina pengo. Holst hakuongeza hata noti moja. Mwaka 2006 wanasayansi wakaiondoa Pluto kwenye orodha ya sayari, na mzee akawa sahihi tena akiwa kaburini.

Mwishoni mwa kazi hiyo kuna kwaya ya wanawake ambayo hutaiona. Imefichwa kwenye chumba cha pembeni, na mlango unafungwa polepole hadi sauti zipotee. Hakuna mtambo wowote unaotumika, ni mlango na mtu wa kuufunga.

Turudi Kenya. Mwandishi Karen Blixen alipoletewa gramafoni na rafiki yake Denys Finch Hatton kwenye shamba lake chini ya Ngong, unajua ni nani alikuwa na wimbo wake maalumu? Kamante, mpishi wake Mkikuyu. Mwenye shamba aliandika mwaka 1937 kwamba Kamante alipenda konsato ya piano ya Beethoven katika ufunguo wa G. Si santuri yoyote tu, hiyo hasa.

Santuri za zamani hizo, lakini, zilikuwa kazi ya mikono. Upande mmoja ulibeba dakika nne hivi tu. Arthur Nikisch aliporekodi Simfoni ya 5 ya Beethoven na okestra ya Berlin mwaka 1913, zilihitajika pande 8. Unakaa, unainuka, unageuza, unakaa.

Kinubi kikubwa cha okestra kina nyuzi 47 na kanyagio 7. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8. Fidla ina 4, na orutu inaishi vizuri kabisa na mmoja! Waulize majirani zako waliotoka Siaya, watakuonyesha uzi mmoja unavyoweza kumwinua mtu kitini.

Kongo wamekwenda mbali. Mwaka 1994, mjini Kinshasa, Armand Diangienda, rubani aliyekosa kazi na mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya simfoni kanisani. Ala zilikuwa chache, watu wakipokezana fidla. Uzi ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Leo dunia nzima inawajua, na Carmina Burana ya Carl Orff, ya mwaka 1937, wanaipiga bila wasiwasi.

Kwetu? Okestra ya Nairobi imekuwepo tangu 1947, na wapigaji wake wengi ni watu wa kazi nyingine kabisa mchana. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire ni cha 1944. Korogocho, karibu na jaa la Dandora, tangu 2008 watoto wa Ghetto Classics wanajifunza fidla na tromboni kwenye uwanja wa kanisa la St John's. Hayati Bob Collymore wa Safaricom, kampuni iliyoanzisha okestra ya vijana mwaka 2014, mwenyewe alikuwa akijifunza saksafoni ukubwani.

Halafu kuna hili linalotuhusu moja kwa moja: Kenya Music Festival, lile tamasha ambalo mwanao amelifanyia mazoezi muhula mzima hadi ukaukariri wimbo, lilianza mwaka 1927. Ni mkubwa wa Boléro kwa mwaka mmoja!

La mwisho, kwa wale wanaoogopa kwenda kwenye tamasha la okestra wasije wakapiga makofi mahali pasipotakiwa. Desemba 1908, simfoni ya 1 ya Edward Elgar ilipofika London, watu walipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza tu, na mtunzi akaitwa jukwaani simfoni ikiwa haijaisha. Katika muda wa mwaka mmoja na kidogo ikapigwa mara 100 hivi duniani. Kwa hiyo nenda, na ikikufurahisha, piga makofi.